Mwaka Niliosubiri Jibu la Chura

Ninyi mlioambiwa mrudi hospitali kila mwezi na mkojo wa asubuhi ndani ya chupa, na hamjui mnangoja nini hasa, nawaandikia ninyi. Jina langu ni Atosha. Nilizaliwa Lubondja, nikaolewa Baraka, kando ya ziwa. Mambo ya udaktari siyajui. Ninachojua ni benchi la kungojea, na hata hilo sikulijua vizuri, kwa sababu sikuweza kulikalia. Niliinuka, nikazunguka, nikarudi, nikainuka tena. Kama nawe uko hivyo, usidhani akili yako imeharibika.

Ilikuwa miaka ile ya hamsini, Wabelgiji wangali wanatawala. Mume wangu, Wilondja, alikuwa mvuvi wa ndagala, dagaa wa ziwani. Tulikuwa na binti mmoja, Sifa, aliyekuwa ameanza kukimbia na kuvunja kila alichokigusa. Mama mkwe wangu, ambaye mtaa wote ulimwita Mama Wilondja, alikaa nasi katika uwanja mmoja. Yeye alimwomba Mungu mjukuu wa kiume asubuhi na jioni, kwa sauti, ili na mimi nisikie. Basi mimba ya pili ilipoingia, mvua zikiwa bado katikati, nyumba nzima ilifurahi.

Lakini mimba ile haikufanana na ya Sifa. Nilitapika hata maji. Tumbo lilikua upesi kupita kiasi. Kitambaa nilichojifunga Jumapili moja, Jumapili ya pili hakikunizunguka. Wanawake tuliokuwa tukiosha nao vyombo ziwani walicheka, wakaniambia, "Batoto bako babili humo." Nami nilicheka nao, ila moyoni nilikuwa na wasiwasi. Sifa alikuwa amenipiga mateke mapema. Tumbo hili lilikuwa kimya kama gunia la unga. Nilianza kusonga ugali nikaacha katikati, nikatoka nje, nikasahau nilichofuata, nikarudi. Mama Wilondja aliniuliza kama nimekanyaga siafu.

Kiangazi kilipoanza, asubuhi moja nikiwa nasugua sufuria kwa mchanga, damu ilitoka. Mama Wilondja alinishika, akanilaza palepale pwani, akaita wanawake wanizungushie vitambaa. Yeye amezalisha wanawake wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Ndani ya damu mlikuwa na vipovu, vingine vidogo kama punje za ulezi, vingine vikubwa kidogo, vimeshikana kama mayai ya samaki unapompasua. Nilimwona akirudi nyuma.

"Hii haiko mutoto," alisema. "Mi sijaona kitu sawa hii tangu nizaliwe."

Walinipandisha Fizi, milimani, kwa kamiyo, lori lililokuwa limepakia pamba. Nataka niseme jambo hili kwa sababu ni zuri: nililala juu ya magunia ya pamba, na dereva, mtu nisiyemjua, alipunguza mwendo kwenye kila shimo, akitoa kichwa nje kuuliza, "Mama, ungali?" Nami nikimjibu, "Ningali." Tulienda hivyo mpaka juu.

Daktari wa hospitali ya misheni alikuwa Mbelgiji mrefu mwenye Kiswahili kidogo. Aliyezungumza na wagonjwa ni muuguzi wake, Zakaria, mtu wa kabila letu, Mbembe kama sisi. Walinisafisha tumbo siku ileile. Nilipopata nguvu ya kuketi, na Wilondja amefika, Zakaria alitueleza. Mtoto hakuwapo tangu mwanzo. Kilichoota ni kile kinachopaswa kumlisha mtoto, kimeota peke yake, kikajaza tumbo. Wamekitoa. Lakini mara nyingine kinaacha mizizi, na mizizi ile inaweza kupanda hadi mapafuni na kuua.

"Mutajuaje kama imebaki?" Wilondja aliuliza. "Mutamupasua tena?"

"Hapana. Hatutamupasua, hatutamutoa hata damu. Ataleta mukojo wake, na chura njo atatuambia."

Chura ndiye atakayetuambia? Wilondja alimtazama kuona kama anacheka. Hakuwa anacheka. Alisema mwanamke mwenye mimba, mwili wake unatoa kitu fulani kinachopita hadi kwenye mkojo. Chura dume akidungwa sindano ya mkojo ule, baada ya muda mfupi mwili wake unatoa mbegu za kiume, na daktari anaziona kwa hadubini. Ugonjwa wangu nao ulitoa kitu kilekile, tena kwa wingi kuliko mimba. Chura akijibu, ugonjwa ungalipo. Asipojibu, umekwenda. Kisha daktari mwenyewe alisema neno moja la mwisho, akimnyooshea Wilondja kidole: nisishike mimba mwaka mzima, kwa sababu chura hawezi kutofautisha mimba na ugonjwa. Kwake vyote viwili ni jambo moja.

Mama Wilondja aliposikia habari hizo alipiga makofi ya mshangao. Kwetu chura si mnyama wa kuchezea. Anayemkuta mlangoni asubuhi huuliza nani amemtuma. "Banataka mukojo yako batie ndani ya chura? Na weye unabapa?" Nilimwambia ninawapa. Sikuwa na jambo jingine la kufanya.

Kiangazi kile vyura walikuwa wachache, hospitali ikatuomba tulete wetu. Zakaria alituonyesha dume: koo jeusi, na kidole gumba chenye alama nyeusi ngumu. Wilondja, anayevuta nyavu ziwani katika dhoruba bila kusema neno, alimwogopa chura. Nilimwona akiinua mitungi ya maji nyuma ya nyumba, ameshika jani la mgomba kama ngao, akiruka kila chura aliporuka. Nilicheka mpaka tumbo likauma. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu damu ile.

Hivyo ndivyo mwaka wangu ulivyokwenda. Kwanza kila majuma mawili, kisha kila mwezi, nilipanda Fizi kwa kamiyo siku moja kabla, nikalala kwenye banda la wagonjwa na ndugu zao. Jioni nilikunywa maji kidogo, ili mkojo uwe mzito. Asubuhi nilimpa Zakaria chupa. Alimdunga chura chini ya ngozi ya mgongo, akamweka kwenye chupa pana yenye kifuniko kilichotobolewa, akaiweka dirishani. Kisha tulingoja, chura ndani, mimi nje.

Kungoja huko sikukuweza. Wanawake wengine walisuka nywele, walinyonyesha, walisinzia. Mimi nilimenya mihogo ya watu nisiowajua. Nilifagia uwanja wa hospitali hadi sista mmoja akaninyang'anya ufagio, akisema nimekwisha kufagia hadi udongo. Nilikwenda hadi barabarani kana kwamba nina safari, nikarudi. Nilipita chini ya dirisha lile nikasikia chura akikwaruza kioo, na nikajiuliza ni lipi baya zaidi, akwaruze au anyamaze.

Mara za kwanza alijibu. Daktari akachanganya mkojo wangu na maji, akamdunga mwingine, naye akajibu. Akaongeza maji, akajibu tena. Zakaria alinieleza kwamba hivyo ndivyo wanavyopima: kadiri mkojo unavyoongezwa maji mengi na chura bado akajibu, ndivyo ugonjwa ulivyo mwingi. Basi kila niliporudi niliuliza swali moja tu, "Maji mangapi leo?" Mvua za kwanza zilipoanguka, maji yalikuwa yamepungua. Wakati wa kupanda karanga, chura alijibu mkojo mtupu tu, usiochanganywa. Kisha, kabla ya Noeli, hakujibu kabisa. Zakaria alitoka na kuniambia nami sikumwelewa, nikamwomba arudie.

Mwili wangu siku zile ulikuwa wa mtu mwingine. Baada ya kusafishwa, maziwa yalitoka, yakalowesha blauzi yangu kanisani, na hapakuwa na mtoto wa kuyanyonya. Nywele zilikatika nilipochana, zikajaa mkononi. Tumbo lilibaki limelegea kama nyavu zilizoanikwa. Sifa aliliminya kwa vidole akauliza, "Mutoto alienda wapi?" Nilimwambia hakukuwa na mtoto. Hakukubali. Kila siku aliuliza upya, kana kwamba siku ile nitasema ukweli.

Nyumbani palikuwa pagumu. Wilondja alishika amri ya daktari, lakini kulala chumba kimoja na kushika amri ile kulimchosha, nami kulinichosha. Baada ya Noeli alikwenda Kazimia, mbali kusini ya ziwa, kuvua na ndugu zake. Alisema huko ndagala ni nyingi. Sote wawili tulijua sababu nyingine, hatukuisema. Mama Wilondja aliisema kwa ajili yetu, uani, akipepeta unga: "Mwanaume gani anakaa mwaka muzima bila bibi? Kama huyu hawezi, bamutafutie mwingine." Nilikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Hakupunguza sauti.

Miezi ilipita, chura kimya. Nilianza kulala vizuri. Nilianza hata kukaa kwenye benchi.

Halafu, mvua kubwa zikiwa zimekaza na barabara ya Fizi imejaa matope, Zakaria alitoka ndani na uso ambao nilikuwa nimeusahau, akasema chura amejibu. Daktari hakuamini, akaniambia nilale, kesho yake akamchukua chura mwingine, akamchunguza kwanza kabla ya kumdunga, ili ajue hakuwa na mbegu zake. Akamdunga. Chura akajibu. Waliongeza maji, akajibu.

Waliniita ndani. Daktari aliuliza, Zakaria akatafsiri akitazama sakafu.

"Dokta anauliza, bwana yako alirudia kwako?"

"Hapana. Iko Kazimia tangu Noeli."

"Anauliza tena... ao kuna muntu mwingine?"

Nilisema hakuna. Nilisema mara moja, sikuapa. Daktari alinipima tumbo kwa mikono, akanawa, akakaa. Alisema kama ningekuwa nimelala na mwanamume, angengoja aone kama ni mimba. Kama sikulala na mtu, basi ni ugonjwa umerudi, na nisingoje. Niende hospitali kubwa ya Usumbura, mji wa kaskazini ya ziwa, wakatoe kizazi. Sikiliza hapo, wewe unayesoma. Chura alijua kuna kitu. Mimi nilijua si mtoto. Daktari hakuwa na njia ya kuthibitisha neno langu, ilimpasa aniamini au asiniamini. Aliniamini. Aliandika karatasi ya Usumbura mbele yangu.

Nilipofika Baraka, habari ilikuwa imefika kabla yangu. Watu wa kamiyo walikuwa wameisikia bandani: mkojo wa bibi ya Wilondja umejibiwa na chura, na Wilondja yuko Kazimia. Hakuna aliyesema neno ugonjwa. Wote walikwisha kujua chura hujibu mimba. Pale ziwani wanawake walinyamaza nilipofika, wakasugua sufuria kwa nguvu.

Mama Wilondja alikuwa amehamisha mkeka wa Sifa kwenda nyumbani kwake.

"Mama, mi niko mugonjwa," nilimwambia. "Ugonjwa imerudia."

"Mwaka jana ulisema chura anajua. Leo chura amesema, unasema ni ugonjwa." Alimvuta Sifa magotini pake. "Ngojea mwenye nyumba arudie. Mi sina neno."

Wafanyabiashara wa samaki walifikisha habari Kazimia kwa mtumbwi. Siku zile za kumngoja Wilondja zilinishinda kuliko kungoja chura wote. Nilifua nguo safi. Nilipalilia shamba lililokuwa limepaliliwa. Nilitembea hadi pwani, nikaona mitumbwi, nikageuka kabla sijawaona waliomo. Nilishika tumbo nikilisikiliza. Na nitakwambia jambo ambalo sikumwambia mtu: kuna saa nilitamani iwe mimba, hata kama ingekuwa aibu, kwa kuwa mimba haiui hivi.

Alikuja asubuhi, nguo zimelowa hadi kifuani, maana hakungoja mtumbwi uvutwe. Mama yake alitoka, akasimama mlangoni kwake. Wilondja hakukaa.

"Atosha. Banasema uko na mimba."

"Banasema."

"Njo kweli?"

"Wilondja, kama ingekuwa mutoto, ningekaa hapa mbele ya mama yako na bantu wote, banitukane, banipige, nimuzae. Singekubali bakate kizazi yangu ju ya kuficha mutoto. Nimesema kwa dokta nitaenda Usumbura. Muntu mwenye kuficha mimba haendi kukatwa tumbo."

Aliondoka. Nilimwona akienda pwani, akirudi hadi katikati ya njia, akienda tena. Nilisimama nikishika nguzo ya baraza. Sijui alifikiri nini kule. Miaka yote hii hajaniambia, nami sijamuuliza. Aliporudi alikwenda kwanza kwa mama yake.

"Mama, mupe Sifa akuye aage mama yake. Tunaenda Usumbura."

"Na kama iko mutoto ndani? Bataua mutoto yako!"

"Haiko mutoto. Bibi yangu amesema."

"Na weye unajuaje?"

"Mi najua bibi yangu," alisema. Akaingia ndani kufunga vitu.

Meli ilitupeleka kaskazini. Sikukaa humo pia. Nilizunguka kati ya magunia na mbuzi wa watu, Wilondja akinifuata nyuma kama mtu anayechunga. Kuhusu upasuaji sina mengi. Nakumbuka harufu ya dawa ya usingizi, na baridi ya meza. Nilipoamka koo lilikuwa limekauka, na Wilondja alikuwa amekaa kando, ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Daktari wa pale alikuwa amemwita na kumwonyesha kilichotolewa. Wilondja aliniambia ndani ya kizazi mlikuwa na nyama nyeusi, laini, yenye damu, imeanza kula ukuta. "Hapakuwa mutoto," alisema. Nilimwambia najua. Akasema, "Mi pia nilijua. Lakini sasa nimeona." Kisha akalia, na mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka ukutani ili asimwaibishe. Sikumjua mama yule jina. Namshukuru hadi leo.

Tuliporudi Baraka, Wilondja alimweleza mama yake alichokiona, wakiwa wawili tu. Sikusikia walichosema. Nilichoona ni kwamba jioni ile mkeka wa Sifa ulirudi chumbani kwangu, na juu yake kulikuwa na samaki aina ya kuhe, mnene, amekaangwa, amefunikwa kwa sahani. Mama Wilondja hakuomba msamaha, wala hakuzungumza tena habari za bibi mwingine.

Ila chura hakuwa amemaliza kazi. Kizazi kimetoka, lakini mzizi ungeweza kuwa umekwisha kupanda. Nilianza upya: kamiyo, banda, chupa, dirisha. Wenzangu mlio katika sehemu hii, najua hamlali. Watu wanaona mmepona kwa sababu mnatembea. Nyumbani wanakwambia shukuru Mungu, nawe unashukuru, na huku kila kikohozi cha vumbi unadhani ni mapafu. Sina dawa ya hofu hiyo. Nilichofanya ni kuipa mikono kazi, na kumwambia mtu mmoja kila siku jinsi nilivyo kweli, hata kama ni Sifa tu.

Mara ya kwanza chura alijibu kidogo, mkojo mtupu. Zakaria alisema ni mabaki, yatatoka. Mwezi uliofuata niliposimama barabarani kusubiri kamiyo, Mama Wilondja alitokea amejifunga kitambaa cha safari, na kuku chini ya kwapa.

"Mama, unaenda wapi?"

"Nakwenda na weye. Bwana yako iko majini."

Tulipofika Fizi, alimpa mpishi wa hospitali kuku yule, kisha akaja bandani, akaniona nikizunguka. Aliniita nikae. Sikukaa. Basi aliinuka akazunguka nami, mzee yule mwenye miguu iliyovimba, tukizunguka uwanja kama ng'ombe wawili waliofungwa kwenye kigingi kimoja. Chini ya dirisha alisimama. Chura alikuwa amejibandika kwenye kioo, koo lake jeusi likipanda na kushuka.

"Njo huyu?"

"Njo huyu."

Alimtazama, mkono ukiwa kifuani. Kisha tukaendelea kuzunguka.

Jua lilipofika kichwani, Zakaria alitoka. Alikuwa akifuta mikono, nami sikuweza kusoma uso wake kwa sababu ya mwanga.

"Hakuna kitu," alisema. "Dokta ameangalia mara mbili. Ndani yake hakuna kitu."

Mama Wilondja alinishika mkono kwa nguvu hadi kucha zikaingia. Maisha yake yote alikuwa ameshika matumbo ya wanawake, na hakuwa amepata kuambiwa neno hilo likawa jema. Alinigeukia.

"Atosha. Hakuna kitu, ni muzuri ao ni mubaya?"

"Ni muzuri, mama."

"Ni muzuri?"

"Ni muzuri sana."

Aliketi chini, palepale kwenye udongo nilioufagia miezi mingi, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto. Nami nikaketi kando yake.